Etymonline na neno “self”: mapitio ya kamusi kutoka mezani kwa mfasiri

Kamusi ninayoipitia hapa ni Online Etymology Dictionary, ambayo watumiaji wake wengi huijua kwa jina fupi la anwani yake, Etymonline. Si kamusi ya kukueleza neno la Kiingereza lina maana gani leo. Kazi yake ni kueleza neno lilitoka wapi, lilianza kuonekana lini katika maandishi, na lilibeba maana gani kabla ya kufika lilipo. Husomwa bure mtandaoni, nayo ni kazi ya Mmarekani mmoja, Douglas Harper wa jimbo la Pennsylvania, aliyeanza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nimekuwa nikiifungua kwa miaka kadhaa katika shughuli zangu za kutafsiri, mara nyingi kwa dakika mbili tatu tu, lakini mwaka huu neno moja lilininyima usingizi, nalo ni “selfhood”, hali ya mtu kuwa yeye mwenyewe, na kwa kuwa nililifuatilia neno hilo na ukoo wake wote humo ndani kwa karibu wiki nzima, nimeona ni haki kuipima kamusi kwa neno hilo kuliko kuisifu au kuilaumu kwa jumla.

Chanzo kilikuwa kijitabu. Taasisi moja, ambayo sina sababu ya kuitaja, iliniletea kijitabu cha malezi ya vijana kilichokwisha kutafsiriwa na mtu mwingine na kuchapwa mara moja, ikaniomba nikisafishe kabla ya toleo la pili. Sura ya tatu ilikuwa na kichwa kinachosema “Jenga Ubinafsi Wako”, na sentensi yake ya kwanza ilimwonya kijana asikubali mtu yeyote, awe mzazi, rafiki au mpenzi, amnyang’anye ubinafsi wake. Niliambiwa kwamba katika shule moja mwalimu aliyeanza kuisoma sura hiyo kwa sauti alifika mstari wa pili akafunga kitabu. Mfasiri wa kwanza hakuwa mzembe. Alikuwa na “self” mkononi, akaipata nafsi, na kutoka hapo binafsi. Alikuwa na kiambishi cha mwisho “-hood”, akaona kwamba Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kiambishi cha mwanzo u-, kama katika utoto na uzee. Akaviunganisha kwa njia ambayo sarufi inaikubali kabisa, akapata neno ambalo Mswahili yeyote akilisikia humfikiria mtu anayekula peke yake na mlango ameufunga. Kabla ya kutafuta neno mbadala nilitaka kujua Waingereza wenyewe walifikaje kwenye lao.

Ukurasa wa “self” katika Etymonline si mrefu, ila kila mstari wake una mzigo. Unaanza na Kiingereza cha Kale, lugha ya kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, ambako neno liliandikwa kwa namna kadhaa, “self”, “seolf”, “sylf”; kisha unawataja ndugu zake, “selbst” wa Kijerumani, “zelf” wa Kiholanzi, “sjálfr” wa lugha ya kale ya Skandinavia na “silba” wa Kigothi, ili msomaji aone kwamba neno hili halikukopwa kutoka Kilatini au Kifaransa kama yalivyokopwa maneno mengi ya kisomi ya Kiingereza, bali ni la nyumbani. Juu yao wote amewekwa mzazi mmoja, “*selbaz”, mwenye alama ya nyota mbele yake. Nyota hiyo ndiyo jambo la kwanza ambalo mtumiaji mpya anapaswa kulielewa: maana yake ni kwamba neno halijawahi kukutwa limeandikwa popote, si kwenye ngozi wala kwenye jiwe, na kwamba wanaisimu wamelikisia kwa kuwalinganisha watoto wake, kama mtu anavyoweza kuikadiria sura ya babu aliyekufa bila kuacha picha kwa kuwatazama wajukuu. Ukiisahau nyota utanukuu makisio kana kwamba ni hati.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kwa muda mrefu “self” haikuwa jina la kitu chochote. Katika Kiingereza cha Kale ilifanya kazi ileile inayofanywa na -enyewe katika Kiswahili. Sisi husema mfalme mwenyewe, wafalme wenyewe, kiti chenyewe, maji yenyewe, na shina hilo hubadili vazi kwa kufuata ngeli ya nomino inayolitangulia. Wao nao waliiweka “self” kando ya nomino au kiwakilishi, nayo ikabadili mwisho wake kwa kufuata jinsia ya kisarufi, idadi na nafasi ya nomino hiyo katika sentensi. Kazi yake ilikuwa kukazia: aliyekuja ni mfalme hasa, si mjumbe wake. Kazi yake nyingine ilikuwa kuonyesha kwamba kitu ni kilekile, maana ambayo imebaki kama kisiki katika neno “selfsame”. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohusu kitu kilichokaa ndani ya mtu, kinachoweza kujengwa, kupotea au kunyang’anywa. Anayetaka kujua Mwingereza wa mwaka 900 aliyataja kwa neno gani mambo yake ya ndani atalazimika kuyafungua maneno mengine, kama “mod”, iliyokuwa moyo na fikra, na “sawol”, iliyokuwa roho.

Namna neno hilo la kukazia lilivyogeuka kuwa nomino ndiyo sehemu iliyonishika zaidi, na hapa kamusi inatoa fununu tu, kwa hiyo nitaongeza ya kwangu. Mwingereza wa kale hakuwa na kitu kama -ji- yetu. Sisi tunatenganisha alimwosha na alijiosha kwa silabi moja, na hakuna anayebaki na shaka aliyeoshwa ni nani; yeye alitumia kiwakilishi kilekile kwa yote mawili, na msomaji akaamua kwa muktadha. Masalia ya mtindo huo yamo hadi leo katika sala ya watoto ya Kiingereza ambayo mtoto husema “I lay me down to sleep”, akijilaza kwa “me” tupu bila “self” yoyote. Ili kuondoa utata, watu walizidi kuipachika “self” nyuma ya kiwakilishi, wakapata “him self” na “me self”. Kisha “me self” ikaanza kutamkwa na kuandikwa “my self”. Tofauti ni ya irabu moja, lakini angalia ilichofanya: “my” ni kimilikishi, na kimilikishi hudai kitu kinachomilikiwa, kwa hiyo sikio lililozoea kusikia kitabu changu na nyumba yangu likaanza kusikia “self” yangu. Mara tu neno lilipowekwa katika nafasi ya kitu, likapata na wingi wake, “selves”, kama “wolf” inavyopata “wolves”, na katika karne ya 14 tayari tunalikuta likitumika kama nomino kamili.

Kazi hiyo haikumalizika, na hili huwa linanichekesha. “Myself”, “yourself” na “ourselves” zimejengwa kwa kimilikishi, ilhali “himself” na “themselves” zimebaki na muundo wa zamani, kana kwamba fundi aliitwa chakula katikati ya kazi akasahau kurudi. Watu wa lahaja nyingi za Uingereza na Marekani husema “hisself” na “theirselves”, na walimu wao huwasahihisha kwa ukali, ingawa kihistoria hao ndio wanaomalizia ukuta ulioachwa nusu. Sisemi kwamba wazo zima la nafsi katika Kiingereza lilizaliwa na mteremko wa irabu. Nasema mlango ulifunguliwa hapo, na waliokuja baadaye waliukuta wazi.

Kipengele kinachoifanya Etymonline iwe tofauti na kamusi nyingine za bure ni kurasa zake za mizizi. Ukibofya mzizi ulioandikwa “*s(w)e-”, ambao wanaisimu wanaufikiria kuwa kiwakilishi cha kurejea cha lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya, Uajemi na India, unapelekwa kwenye orodha ya jamaa ambao usingewahi kuwadhania kuwa wametoka tumbo moja. Yumo “suicide”, ambaye nusu yake ya kwanza ni ya Kilatini na maana yake ni “ya mwenyewe”. Yumo “idiot”, kutoka Kigiriki, ambako mwanzoni alikuwa mtu wa kawaida anayeshughulika na yake, asiye na cheo wala sauti katika mambo ya umma, kabla hajashuka ngazi hadi kuwa mpumbavu. Yumo “gossip”, ambaye kabla ya kuwa umbea alikuwa mzazi wa ubatizo, mtu aliyeingizwa katika jamaa kwa njia ya kanisa. Na katika tawi la Kisanskriti, “sva” yenye maana ya “ya kwetu wenyewe” imeingia katika Swadeshi, kampeni ya Wahindi ya mwanzoni mwa karne ya 20 ya kutumia bidhaa za nchini mwao na kuzisusia za Mwingereza.

Nilipofika kwenye Swadeshi nilisimama nikanywa chai. Mzizi ambao nilidhani ungenipeleka kwa mtu aliyejifungia peke yake ulikuwa unanipeleka kwa watu wa nyumba moja. Kamusi yenyewe inaeleza kwamba ulitumika pia kulitaja kundi la msemaji, yaani wetu dhidi ya wengine. Nasi tunalo jambo linalofanana na hilo bila udugu wowote wa damu. Neno kujitegemea la Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwekwa kwa Kiingereza kama “self-reliance”, na msomaji wa Kiingereza anaweza kuidhania “self” hiyo kuwa ya mtu mmoja na jitihada zake, lakini -ji- iliyokusudiwa ilikuwa ya taifa zima kwa pamoja.

Sasa “selfhood” yenyewe. Etymonline inaipa miaka ya 1640, na karibu yake, katika karne hiyohiyo ya 17, inaweka “selfish”, ikitaja kwamba kitabu cha mwaka 1693 kuhusu maisha ya Askofu Mkuu Williams kilidai kwamba neno “selfish” lilibuniwa na Wapresbiteri. Inataja hata maneno yaliyoshindana nalo yakafa, kama “self-ended” na “self-ful”, na mimi huwa na huruma ya pekee kwa maneno ya aina hiyo, yaliyofanya kazi nzuri yakakosa bahati. Miaka ya 1640 ilikuwa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza, vilivyofika hadi Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa Januari 1649; udhibiti wa wachapaji ulikuwa umelegea, na vitabu vya dini vya kila rangi vilimiminika London. Miongoni mwavyo zilikuwamo tafsiri za Jakob Böhme, fundi viatu wa mji wa Görlitz aliyefariki mwaka 1624 na kuacha maandishi mengi ya Kijerumani kuhusu Mungu na roho. Böhme alikuwa na neno lake, “Selbheit”, na wafasiri wake walihitaji la Kiingereza la kulibeba. Kwake hali hiyo haikuwa tunu ya kulindwa. Ilikuwa ugonjwa, ile nia ya kiumbe kujigeuzia uso mwenyewe na kumpa Muumba kisogo. Hata mwanzoni mwa karne ya 19 mshairi William Blake alikuwa bado anamwomba Mwokozi aiangamize “Selfhood” iliyokuwa ndani yake.

Nilisoma hayo nikakitazama tena kijitabu changu. Mfasiri wa kwanza hakukosea neno, alikosea karne. Kama angepewa Böhme au Blake, basi “ubinafsi” ungekaa mahali pake bila kumshtua mwalimu yeyote, kwa sababu ndilo neno tunalolitumia kwa dhambi hiyohiyo. Kosa lilitokea kwa sababu Waingereza, katika miaka iliyofuata, walilitoa neno kwenye mimbari wakalihamishia kwanza kwa wanafalsafa na mwishowe kwa washauri nasaha, likavuliwa lawama yake njiani, huku lawama yote ikiachiwa “selfish”. Kiswahili hakikuwa na sababu ya kufanya uhamisho huo.

Tena viambishi havilingani kama vinavyoonekana. “-hood” wakati mmoja ilikuwa neno linalojitegemea, “had”, lenye maana ya cheo au hali ya mtu, na ndugu yake wa Kijerumani ni “-heit”. Kwa hiyo hutaja hali na kunyamaza. U- yetu hainyamazi. Utoto ni umri, lakini ukimwambia mtu mzima ana utoto umemtukana. Neno moja linafanya kazi ambazo Mwingereza amezigawa kati ya “childhood” na “childishness”. Ukiiweka u- mbele ya kitu kinachomhusu mtu binafsi, basi mara nyingi inaelemea upande wa tabia: ubinafsi, umimi. Na ukinyumbua zaidi unafika pasipotarajiwa kabisa, kwenye ubinafsishaji, neno ambalo Watanzania walilizoea miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipouzwa. Hakuna kamusi ya Kiingereza itakayomwonya mfasiri juu ya hayo, wala siilaumu Etymonline kwa kutolijua. Nasema tu kwamba anayeitumia kutoka lugha nyingine anapata nusu ya jibu, na nusu ya pili ni juu yake.

Kasoro halisi ninayoiona ni ufupi wake pale historia ya mawazo inapoanza. Kwa neno hili kuna mtu mmoja asiyeweza kurukwa, naye ni mwanafalsafa Mwingereza John Locke. Katika toleo la pili la kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu, lililotoka mwaka 1694, aliongeza sura nzima kuhusu nini kinamfanya mtu abaki kuwa yuleyule, na humo akaifanya “self” kuwa kitu kinachofikiri na kujitambua, ambacho umoja wake unatokana na ufahamu na kumbukumbu, si na mwili. Mfano wake maarufu ni wa mwanamfalme ambaye roho yake, pamoja na kumbukumbu zake zote, inahamia katika mwili wa fundi viatu: Locke anasema huyo ni mwanamfalme yuleyule, hata kama majirani watamwita fundi. (Inanifurahisha kwamba neno hili linapitia kwa fundi viatu mara mbili, mmoja wa kweli huko Görlitz na mwingine wa kubuni.) Bila Locke, msomaji ataona tarehe zikipangana bila kujua kwa nini nomino ndogo ya karne ya 14 ilikuja kubeba mzigo wote huu. Kurasa za Etymonline hazikujengwa kwa kazi hiyo, na ni vyema mtu ajue mapema kwamba atahitaji kutoka nje.

Wengi wakitoka nje huenda kwenye kamusi kubwa ya Oxford, na ulinganisho huo ni wa lazima kwa sababu Harper mwenyewe anaitegemea pamoja na kamusi nyingine za zamani. Kamusi ya Oxford ilipendekezwa London mwaka 1857, sehemu yake ya kwanza ikachapwa mwaka 1884, na ikakamilika mwaka 1928, baada ya maelfu ya wasomaji wa kujitolea kutuma vikaratasi vyenye sentensi walizokuta vitabuni. Toleo la pili, la mwaka 1989, lina majuzuu 20. Nguvu yake ni zile sentensi. Etymonline inakuambia mwaka, Oxford inakuonyesha mstari wenyewe na jina la aliyeuandika, na kwa neno kama “self” tofauti hiyo ni sawa na tofauti ya kusimuliwa harusi na kuhudhuria. Lakini Oxford ya mtandaoni ni ya kulipia. Nilikuwa naisoma kupitia maktaba moja hadi siku usajili wa maktaba hiyo ulipokwisha na hakuna aliyeweza kuniambia ungehuishwa lini. Etymonline inaendeshwa kwa matangazo na michango ya wasomaji, kurasa zake ni maandishi kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hazili bando, na ipo pia kama programu ya simu. Kwa mwanafunzi, mwalimu au mfasiri wa huku kwetu, hilo peke yake linaamua mengi.

Kuhusu kuaminika, tahadhari ni mbili. Mwaka unaoandikwa kando ya neno ni mwaka wa ushahidi wa maandishi wa zamani zaidi unaojulikana, si siku ya kuzaliwa kwa neno, kwani watu huweza kulisema kwa vizazi kabla ya yeyote kuliandika, na ushahidi mpya ukipatikana tarehe husogea. Pili, na hili Harper amelitanguliza mwenyewe katika utangulizi wake, asili ya neno si maana yake. Nalisisitiza kwa sababu kumezuka mtindo wa wahamasishaji wanaopanda jukwaani na kutangaza kwamba “person” inatokana na neno la Kilatini la kinyago cha mwigizaji, kwa hiyo kila mtu anaigiza. Asili hiyo ni ya kweli, hitimisho ni la jukwaani. Kwa mantiki hiyohiyo tungesema kila asiye na cheo serikalini ni “idiot”. Harper ameiita kazi yake ramani ya alama za magurudumu zilizoachwa njiani na Kiingereza cha leo, na nadhani tamathali hiyo inatosha kumkumbusha mtu kwamba gari lilishapita.

Jamaa wengine wa “self” niliwapitia haraka. “Identity” imetoka kwa “idem” ya Kilatini, yenye maana ya kilekile, na kwetu imegawanyika vizuri kati ya utambulisho na kitambulisho cha mfukoni. “Ego” ni mimi ya Kilatini; Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, alikuwa ameandika kwa Kijerumani chepesi, “das Ich”, neno ambalo mtoto analielewa, na ni wafasiri wa Kiingereza waliomvalisha joho la Kilatini, wala sidhani walimtendea haki. “Selfie” ilionekana kwa mara ya kwanza mtandaoni huko Australia mwaka 2002 na ikatangazwa na Oxford kuwa neno la mwaka 2013, na baada ya hapo haihitaji maelezo yangu.

Kuna “self” moja ambayo Etymonline haiijui kabisa, nayo ni ile ya Dar es Salaam. Dalali wa vyumba hukuuliza, kabla hata hajakuuliza bajeti, kama unataka self au cha kuchangia choo. Kwenye milango ya gesti imeandikwa kwa rangi: VYUMBA SELF VIPO. Neno hilo limekatwa kutoka kwenye “self-contained”, likaachwa lisimame peke yake kama kivumishi, nyuma ya nomino, lenye maana ya kuwa na cha kwako usichochangia na mtu. Ukikumbuka kwamba Kiingereza cha Kale kiliiweka “self” hapohapo, kando ya nomino, na kwamba moja ya maana zake ilikuwa “ya mwenyewe”, utaona kwamba dalali, bila kukusudia, amekaribia matumizi ya zamani kuliko mwanasaikolojia yeyote.

Kwa jumla naipa kamusi hii nyota 4 kati ya 5, na ile moja naishikilia kwa ajili ya Locke.

Kijitabu nilikirudisha na kichwa kipya cha sura ya tatu, “Ijue Nafsi Yako”. Niliridhika nacho. Nafsi imetoka kwa “nafs” ya Kiarabu, iliyo ndugu wa “nafas”, pumzi, kwa hiyo tofauti na “self” ilianza ikiwa kitu chenye uhai, haikusubiri ajali ya kimilikishi. Na mwanafunzi wa darasa la tano tayari anaijua kutoka somo la sarufi, nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika kikao cha kuipitisha kazi, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kimya tangu asubuhi aliinua mkono. Akasema, “Mwalimu, samahani, hilo neno ni zuri, lakini sisi hulisoma kwenye matangazo ya vifo. Kila nafsi itaonja mauti. Hawa watoto tunawaambia waijue nafsi au tunawaandalia maziko?” Kikao kilicheka, kisha kikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa na hoja. Toleo la pili limechapwa na sura hiyo inaitwa “Wewe Ni Nani?”, maneno matatu ambayo hakuna hata moja kati yao lililotoka kwenye kamusi niliyoitumia wiki nzima.